Kichomeo cha shaba cha taa ya chokaa: nimekiwasha, nakisifu, na ninaonya

Kifaa ninachokipima hapa ni kichomeo cha gesi cha shaba ya njano, cha mwishoni mwa karne ya 19, kilichotengenezwa Uingereza kwa ajili ya taa za slaidi za kioo, zile za kurushia picha ukutani. Jina la aliyekitengeneza halipo. Kina koki mbili, moja imegongwa herufi H na nyingine O, mabomba mawili membamba yanayopanda sambamba, mdomo uliopinda, na mbele ya mdomo huo kijiti cha chuma cha kusimamishia kipande cha chokaa. Chini yake kuna sinia ya chuma inayoteleza ndani ya sanduku la taa. Nilikipata mnadani kwa pauni 140, kikiwa na vumbi la chokaa kuukuu lililoganda kwenye kila kona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi nilijifunza Shimanzi, Mombasa, na sasa naifanya Leicester. Kwa hiyo nakiangalia kifaa hiki kwa jicho la mtu wa gesi. Wakusanyaji wa vitu vya kale watakueleza kama shaba imebaki na rangi yake na kama skrubu ni zile za mwanzo. Mimi nitakueleza kama koki zinavuja, kama mdomo umeliwa, na mwanga unaotoka unafaa nini.

Kilichonisukuma kukitafuta ni picha za Kongo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la International Slavery Museum, Liverpool, liliweka maonyesho ya picha za Alice Seeley Harris, mmishonari Mwingereza aliyeunasa kwa kamera ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo. Miongoni mwake ipo ile ya Nsala, iliyopigwa Baringa mwezi Mei 1904: baba ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake. Alice na mumewe John waliporudi Uingereza walizunguka na picha hizo zikiwa slaidi za kioo, kanisa kwa kanisa na ukumbi kwa ukumbi, na ghadhabu ya umma iliyoamshwa na kampeni ile ilichangia Leopold kupokonywa Kongo mwaka 1908. Niliposimama mbele ya picha zile ukutani, chini ya balbu, sikuacha kuwaza kwamba watu wale wa 1906 hawakuziona hivi. Walikaa gizani, mamia kwa pamoja, na picha ikawatokea kubwa kuliko mtu. Mahali ambapo umeme ulikuwa bado haujafika, mwanga wenye nguvu ya kujaza pazia jeupe mbele ya umati namna ile ulikuwa wa chokaa na gesi. Nikataka kuuona kwa macho yangu.

Nieleze kwanza kinavyofanya kazi, maana ndipo uzuri wake ulipo. Haidrojeni inatoka kwenye bomba la H na kuwaka mdomoni. Oksijeni inakuja na bomba lake la O na kupulizwa katikati ya moto ule. Moto wa haidrojeni ukishalishwa oksijeni unafika karibu nyuzi 2,800 za Selsiasi, joto ambalo chuma cha karakana hakilivumilii hata kidogo. Lakini moto wenyewe hauna mwanga wa maana. Mchana hauuoni hata ukiutazama. Mwanga ni wa chokaa. Moto unakipiga kipande cha chokaa mahali padogo, na kwa kuwa chokaa haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 2,600, pale panapopigwa panang'aa nyeupe kabisa. Hapo ndipo panapotoa mwanga wote: doa dogo lisilozidi kucha, na doa dogo ndilo linalotakiwa na lenzi.

Tuliokulia Pwani tunaijua chokaa kabla ya kujua kusoma. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, na kinachobaki ukikimwagia maji kinachemka na kufuka mvuke. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale zimesimama kwa chokaa hiyo. Kwenye taa hii chokaa inatumika kabla ya kuzimwa kwa maji, na kwa hiyo ina kiu. Ukiiacha nje inafyonza unyevu wa hewa, inavimba, inapasuka, na baada ya muda una unga. Wauzaji wa zamani waliviuza vipande hivyo vikiwa vimefungwa kwenye makopo na mirija isiyopitisha hewa. Leo huvipati dukani. Mimi navichonga kwenye mashine ya kukereza kutoka jiwe laini la chokaa, kipenyo cha karibu inchi moja, natoboa tundu katikati, kisha rafiki yangu mfinyanzi anavichoma kwenye tanuru lake juu ya nyuzi 900. Vingine hupasuka humohumo. Vinavyotoka salama vinaingia vikiwa bado na moto kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa kubana. Mtu akikuuzia kichomeo akakupa na kopo la vipande vya miaka 120 iliyopita, litunze kabatini kama kumbukumbu, lakini usiviwashe.

Vichomeo vya namna hii viko vya aina tatu, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho, kwa sababu mnadani vyote huitwa kwa jina moja.

Aina ya kwanza ni ya spiriti: utambi wa pombe kali unawaka, na oksijeni inapulizwa kupitia moto wake. Ndiyo njia aliyoitumia Thomas Drummond, mhandisi wa jeshi aliyekuwa akipima ramani ya Ireland, mwaka 1825. Alihitaji alama itakayoonekana kutoka mlima hadi mlima kwenye ukungu wa nchi ile, na taa yake ikaonekana kati ya Slieve Snaght na Divis, zaidi ya kilomita 100. Kwa sababu ya kazi ile watu waliiita taa ya Drummond, ingawa mvumbuzi Goldsworthy Gurney alikuwa amekwisha kuonyesha mng'ao wa chokaa kwenye moto wa gesi hizi kabla yake. Kwa onyesho la slaidi aina ya spiriti ni dhaifu kuliko zote tatu. Ilimfaa aliyekwenda kijijini kusikokuwa na gesi ya bomba.

Aina ya pili ndiyo hii yangu. Tuiite ya kupulizia. Gesi mbili hukutana nje, ndani ya moto wenyewe, wala hazichanganyiki kwenye bomba.

Aina ya tatu ni ya kuchanganya. Gesi huingia pamoja kwenye chemba ndogo nyuma ya mdomo, zikachanganyika, kisha zikatoka zikiwa tayari. Mwanga wake ni mkali zaidi, doa lake ni dogo zaidi, na picha inakatika vizuri zaidi kwenye pazia. Ndiyo iliyopendwa na waonyeshaji wa kumbi kubwa. Nami nasema wazi: usiinunue kwa kuitumia. Kwenye chemba ile una oksijeni na haidrojeni zimeshikana mikono zikisubiri cheche. Msukumo wa upande mmoja ukilegea, gesi ya upande wa pili inaweza kurudi nyuma na kuingia ilikotoka mwenzake.

Zamani hatari hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu ya mifuko. Kabla ya mitungi ya chuma kuenea, gesi ilibebwa kwenye mifuko mikubwa ya mpira na kitambaa yenye umbo la kabari, imebanwa kati ya mbao, na juu yake mizigo ya vyuma vizito ili gesi isukumwe. Oksijeni yenyewe mwonyeshaji aliipika: klorati ya potasiamu na dioksidi ya manganizi kwenye chungu cha chuma, gesi ikapitishwa majini ikaoshwa, ikaingia mfukoni. Jaribu kuiona hali hiyo: ukumbi umejaa, watoto wanapita gizani, na mtu mmoja anaondoa mzigo juu ya mfuko mmoja kabla ya kufunga koki. Mwaka 1886 kampuni ya Brin ilipoanza kutoa oksijeni kutoka hewani kwa kutumia oksidi ya bariamu na kuiuza kwenye mitungi, kazi ya mwonyeshaji ilibadilika kabisa. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa British Oxygen, na sisi wachomeleaji ni warithi wa mitungi ile.

Palikuwapo na jaribio lingine la kukwepa mtungi wa haidrojeni: oksijeni ilipitishwa juu ya etha, kimiminika kinachofuka na kuwaka upesi, ikabeba mvuke wake. Taa ya etha ndiyo iliyokuwa ikitumika Paris tarehe 4 Mei 1897, kwenye soko la hisani la Bazar de la Charité, kuangazia onyesho la sinema. Mvuke ukashika moto, na watu zaidi ya 120 wakafa. Ukikiona mnadani kifaa chenye tangi la etha, kipige picha kisha endelea na safari yako.

Nirudi kwenye changu. Nilipokifikisha karakana nilikifungua chote. Koki za zamani ni za koni: kizibo cha shaba kimekaa ndani ya tundu la shaba, nyuso mbili zimesuguliwa mpaka zikabana zenyewe, hakuna mpira wala plastiki. Kazi ya mkono iliyokuwa imefanywa pale niliiheshimu. Baada ya kusafisha na kusugua tena kwa unga laini, koki zote mbili zilishika bila povu hata moja kwenye maji ya sabuni. Kwenye upande wa oksijeni sikutia grisi ya aina yoyote, na asije mtu akatia. Fundi yeyote wa gesi anajua: mafuta na oksijeni ya mtungi havikai nyumba moja.

Kasoro yake kubwa iko kwenye mikia. Kichomeo hiki hakina nyuzi za skrubu za kufungia. Mabomba yanaishia na mikia laini iliyotengenezwa kuvishwa mpira na kufungwa kwa kamba. Kwa msukumo mdogo wa zamani ilitosha. Mimi nilitengeneza viunganishi vyenye nyuzi, vya haidrojeni nyuzi zake zikienda kushoto na vya oksijeni kulia, kama ilivyo kwenye vifaa vyetu vya leo, ili hata gizani mtu asiweze kukosea mpira. Kila upande una regyuleta yake ya kupunguza msukumo wa gesi na kizuizi cha moto kurudi nyuma. Bila hivyo sikiwashi.

Kuwasha kunataka subira. Kwanza haidrojeni peke yake, moto mdogo, na kipande cha chokaa kinazungushwa polepole kipate joto pande zote. Ukiharakisha kinapasuka. Kikishapata moto vya kutosha unafungua oksijeni kidogokidogo. Moto unajikunja, unaanza kuimba, na mara doa linatokea kwenye chokaa, la njano kwanza, kisha jeupe. Hapo unacheza na koki mbili mpaka usikie sauti imeshuka na mwanga umepanda. Sikio linafanya kazi sawa na jicho. Kuzima ni kinyume: oksijeni kwanza, haidrojeni baadaye.

Halafu kuna kazi ya kuweka doa katikati ya lenzi za kukusanya mwanga. Unalisogeza mbele, nyuma, juu, chini, huku ukitazama duara kwenye pazia mpaka kivuli cha pembeni kiishe. Na kila baada ya dakika chache lazima uzungushe chokaa, maana moto unachimba. Ukiacha shimo likawa refu, moto unaruka kutoka humo na kurudi upande wa lenzi, na lenzi za kioo nene hupasuka kwa joto hilo. Kichomeo changu kina gurudumu dogo nyuma, na fimbo inayofika kwenye kijiti, kwa hiyo unazungusha bila kufungua mlango wa taa. Mfumo huo ni mzuri sana.

Sasa mwanga wenyewe.

Nimewahi kuziangalia slaidi zangu hizohizo, za inchi tatu na robo kwa tatu na robo, kwa taa ya LED niliyoiweka ndani ya sanduku lilelile la chuma na mbao. Picha ilionekana, ndiyo. Lakini slaidi zilizopakwa rangi kwa mkono ziligeuka baridi: nyekundu ilififia ikawa kama ya matofali, na anga za jioni zikawa kijivu. Kwa chokaa nyekundu ilirudi. Uso wa mtu ulipata damu. Mafundi waliopaka rangi zile kwenye kioo walizipaka kwa ajili ya moto, na nadhani ndiyo maana rangi zinatulia mahali pake zikimulikwa na mwanga waliokuwa wakiutegemea. Slaidi za picha za kamera, nyeusi na nyeupe, zilinigusa zaidi. Kivuli kina kina. Mahali penye giza kwenye picha unaona kuna kitu ndani ya giza lile. Mwanga una uhai mdogo sana, kupumua ambako hukuoni ukikutafuta, lakini mwili unakuhisi.

Nina nakala ya kioo ya picha ya mto Kongo, mashua na watu wameketi, hakuna ukatili wowote ndani yake. Niliirusha kwenye ukuta uliopakwa chokaa wa ukumbi wa kanisa tuliouazima, mbele ya majirani, Wakongo wawili watatu miongoni mwao. Mama mmoja wa Bukavu aliinuka akaenda karibu kabisa na ukuta, akatuambia kwa Kiswahili chake: "Hawa watu wako hapa." Sikuongeza neno. Kwa mwanga ule walikuwapo.

Aliyenifungulia macho kuhusu matumizi makubwa zaidi ni mzee mmoja Mwingereza, mwenye taa ya ghorofa mbili ya mbao ya mahogani, vichomeo viwili, na koki moja ya kufifisha iliyokaa katikati. Ukigeuza mkono wa koki hiyo, gesi ya taa ya chini inapungua huku ya juu ikipanda. Haidrojeni kidogo inaachiwa ipite ili moto usizimike kabisa. Picha moja inayeyuka ndani ya nyingine. Kijiji cha mchana kinaingiwa na usiku, madirisha yanawaka moja moja. Huko Royal Polytechnic, Regent Street, London, watu walijaa kuona mambo hayo kwa slaidi kubwa zilizopakwa rangi na Henry Langdon Childe na wenzake. Nilishika mkono wa koki ile mwenyewe. Ni laini, inasikiliza kidole, na hakuna kitufe cha kompyuta kilichowahi kunipa raha hiyo.

Kuna mambo ya kulalamikia. Kwanza gharama ya gesi: mtungi mdogo wa haidrojeni si rahisi kuupata kwa mtu binafsi, na msambazaji mmoja niliyempigia alikata simu nilipomweleza matumizi. Gesi ya bomba ya enzi zile, iliyotolewa kwenye makaa ya mawe na yenye haidrojeni nyingi, ilikwisha Uingereza miaka ya 1970 walipomaliza kuhamia gesi asilia, na kwa gesi asilia kichomeo hiki kinatoa mwanga lakini hakifikii uwezo wake. Pili, aina ya kupulizia inatoa doa pana kuliko ile ya kuchanganya, kwa hiyo kwenye ukumbi mrefu ncha za picha zinalegea kidogo. Kwa ukumbi wa watu 60 au 80 hutaliona hilo. Tatu, kinapiga kelele ya mluzi mwembamba wakati wote. Msimulizi wako lazima awe na sauti.

Na bima. Wenye kumbi wanaposikia "haidrojeni" wanataka karatasi. Wana haki. Mimi huweka mitungi imesimama na kufungwa kwa mnyororo, milango ya juu wazi ili gesi isijikusanye darini, na mtu mmoja ambaye kazi yake usiku mzima ni kukaa karibu na mitungi na kuzuia watoto.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imebaki kwenye mikia ile isiyo na nyuzi. Kama wewe ni fundi wa gesi mwenye cheti na unapenda picha, nunua bila kusita. Kama si fundi, nunua kwa kuweka kabatini, na ukitaka kukiona kikiwaka tafuta watu wa Magic Lantern Society, chama cha wapenzi wa taa hizi za slaidi. Miongoni mwao wamo wanaojua.

Ukienda mnadani, fanya haya kabla ya kuinua mkono. Geuza koki zote mbili. Ikiwa imekwama usiilazimishe, muulize muuzaji kama iliwahi kutiwa mafuta. Puliza kwa mdomo kila bomba peke yake. Tazama mdomoni: aina ya kupulizia utaona tundu dogo la oksijeni limekaa ndani au chini ya tundu pana la gesi, mawili tofauti, ukiona tundu moja tu na uvimbe wa chemba nyuma yake, ni ile ya kuchanganya, mwachie mwingine. Kisha zungusha gurudumu la nyuma uone kama kijiti cha chokaa kinafuata. Changu kilikuwa na jino moja la gurudumu limevunjika, na jino hilo nilipolitengeneza upya kwa shaba ndipo kilipozunguka sawasawa.